Harufu ya Webuye

Tuliopanda matatu za Kitale kwenda Bungoma kabla ya 2009, mwaka kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa, tunaikumbuka: ukishapita Kamukuywa, harufu ya mayai viza ilikulaki. Ni gesi zenye salfa, hutoka vipande vya miti vinapopikwa kwa kemikali. Shangazi yangu, mkazi wa pale, alinishangaa nikiziba pua. "Harufu gani, mwanangu?" Hakutania. Harufu isiyobadilika, pua na ubongo huacha kuitilia maanani baada ya dakika chache.

Kuikumbuka ni jambo jingine. Habari za pua hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Za macho hupitia kituo kingine kwanza. Basi, kwa kuwa pua yako imeshaizoea, mgeni akilalamikia harufu ya nyumba yako, msadiki.