Ni Nani Anayeiba Volti?

Wako wanaodhani kuwa umeme hauzungumziki kwa Kiswahili. Hebu leo tujaribu, tena kwa ugonjwa unaosumbua sana katika maabara ya fizikia.

Saketi ya kushika kilele ni kama pipa lenye mlango wa kuingilia tu. Opampu, ile chipu ndogo ya kukuza volti, husukuma umeme kupitia dayodi hadi kwenye kapasita. Dayodi hairuhusu urudi, basi kapasita hubaki na volti za juu kabisa zilizopita. Ukiiunganisha na maikrofoni iliyokuzwa unaweza kupima kelele ya mashine ya kusaga unga iliyo karibu na darasa. Lo! Mita inasema volti 4, kabla hujashika kalamu inasema 3.5, halafu 3. Sasa mwenye mashine utamwonyesha nini? Si atakucheka?

Mshukiwa wa kwanza ni mita yenyewe. Hata ile ya dijitali, yenye omu milioni 10, huteremsha volti 4 za kapasita ya maikrofaradi 1 kwa karibu 0.4 katika sekunde moja. Ya mshale ndiyo mbaya zaidi, huimaliza mara moja. Chomoa mita, hesabu hadi kumi, irudishe usome haraka. Kama volti zipo, mwizi umemshika. Weka opampu ya pili kati ya kapasita na mita.

Lakini hata opampu hunywa kidogo. Ile ya 741 hunywa nanoampea 80 hivi kwa mguu mmoja. Gawanya mkondo huo kwa ukubwa wa kapasita, utapata volti 0.08 kila sekunde. Sekunde kumi zikipita, 0.8 zimekwenda. TL081 hunywa pikoampea 30 hivi tu, hiyo hata hutaiona.

Jaribio nilipendalo mimi ni hili: weka kapasita ya aina ile ile, kubwa mara kumi. Volti zikishuka polepole mara kumi, mwizi yuko nje: opampu, dayodi, au jasho la vidole na uchafu wa kuchomelea kwenye bodi (osha kwa spiriti). Zikishuka kwa kasi ile ile, kapasita ndiyo inayovuja, maana ukubwa ukiongezeka na uvujaji huongezeka. Za elektroliti ndizo zenye tabia hiyo. Tena ukizimaliza umeme, volti hurudi kidogo zenyewe, kama mtu aliyekumbuka deni! Tafuta ya poliesta.

Usiseme basi tuweke maikrofaradi 100 tulale. 741 hutoa kama miliampea 25 tu, hivyo kufika volti 4 kunahitaji milisekunde 16, na kishindo cha ghafla kitakuwa kimeshapita. Kwa mashine ya unga maikrofaradi 1 yatosha. Kwa kupima makofi hata 0.1 ni nzuri, mradi opampu zote mbili ziwe TL081.