Usingoje Figo Ziume

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa myembamba ya vichujio hivyo. Presha ya juu huongeza uharibifu, na unene wa tumbo huchochea yote mawili. Protini huanza kuvuja kwenye mkojo, lakini mgonjwa hasikii maumivu. Miguu ikivimba, mara nyingi figo zimekwisha kuumia sana.

Utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima 15 hivi kati ya 100 mijini, na 2 vijijini.

Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Kwa mtu wa Amani, huko ni kuteremka mlima hadi Muheza na kuendelea mbele, wiki hadi wiki.

Basi tukumbushane katika jumuiya zetu: mwenye kisukari au presha apimwe mkojo na damu kuangalia figo kila mwaka, asikatize dawa, apunguze chumvi na sukari ya chai, wala asimeze diklofenaki kiholela. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.