Kikulacho ki nguoni: somo la ghala la mahindi Eldoret

Huku Pwani tukisikia Eldoret twafikiria wanariadha na baridi. Lakini masufuria yetu yana uhusiano na mji ule kuliko tunavyodhani. Uasin Gishu ni miongoni mwa kaunti zinazolima mahindi kwa wingi nchini, na ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, liko pale pale Eldoret. Yaliyotokea huko mwaka 2018 yanatuhusu.

Mwaka 2017 ukame ulipandisha bei ya unga. Serikali ikaruhusu mahindi ya nje yaingie bila ushuru, meli zikashusha shehena hapa bandarini Mombasa, na pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Sote tulishukuru.

Shida ilikuja baada ya mavuno. Bodi ilinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200, bei iliyoishinda ile ya madalali. Wakulima wakapanga foleni na malori yao nje ya ghala, siku baada ya siku. Wakati huo huo, kwa mujibu wa madai yaliyofika bungeni, wafanyabiashara wachache waliuza maelfu ya magunia na kulipwa mapema, mengine yakidaiwa kuwa mahindi yale yale ya kutoka nje. Wakulima wakabaki kudai mabilioni. Mei 2018 mkurugenzi mkuu wa bodi aliachia ngazi, na Seneti ikaunda kamati maalum chini ya Seneta wa Uasin Gishu, Margaret Kamar.

Je, hapakuwa na sheria? Zilikuwepo tele. Kifungu cha 73 cha Katiba ya 2010 chasema mamlaka ni dhamana. Kifungu cha 75 chamkataza afisa wa serikali kuweka maslahi yake mbele ya kazi ya umma. Mwaka 2015 mashirika ya serikali yalipewa kanuni za utawala bora ziitwazo Mwongozo. Na Julai 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi.

Mgongano wa maslahi ni kitu gani? Chukua mfano wa msimamizi wa ghala anayeamua lori lipi lipimwe kwanza. Ikiwa lori moja ni la shemeji yake, mgongano upo hata kabla senti moja haijaibiwa. Kanuni haingojei wizi. Yamtaka aseme wazi, kisha akae kando, mwengine aamue.

Kwetu Waislamu hili si geni. Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa babake au mamake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Kipimo ni hicho: ungepewa, lau si cheo? Katiba nayo, Kifungu cha 76, yasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma ni ya Jamhuri.

Basi mbona kanuni hazikumsaidia mkulima? Kwa sababu karatasi haimkamati mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hukung'utwa mchana, mbele za watu. Laiti orodha ya waliouza mahindi na waliolipwa ingebandikwa mlangoni mwa ghala kila wiki, mkulima wa kwenye foleni angeuliza mapema.

Haki ya kuuliza tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zamruhusu raia kuiandikia ofisi yoyote ya umma, nayo yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala. Ukiona hongo, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina ofisi Eldoret, na Mombasa na Malindi pia.

Tuanze na yaliyo karibu nasi: orodha ya waliopata basari wadini, na waliopewa zabuni za kaunti. Aliyeshika amana kwa haki hatakasirika kuulizwa. Atakayekasirika, muulizeni tena, kwa maandishi.