Bega Likivunjika: Je, Nyanya Apasuliwe?

Leo tuzungumze juu ya nyanya aliyeteleza bafuni, akaangukia mkono, na sasa hawezi kuinua bega.

Mara nyingi kilichovunjika ni mfupa wa mkono, pale juu unapoingia begani. Mifupa ya wazee imepungua nguvu, kwa hivyo hata anguko dogo hutosha. Tafadhali usimpeleke kukandwa. Nimepokea mama aliyekandwa siku 3 kwa mafuta ya moto, akaja bega limevimba hata kuligusa hawezi. Funga mkono kwa leso uning'inie shingoni, mvue pete kabla vidole havijavimba, kisha mpeleke apigwe eksrei.

Huko ndiko ugomvi huanzia. "Mbona hamumweki vyuma? Ama ni kwa sababu amezeeka?" Maswali haya nimeulizwa mara nyingi. Sivyo, mama. Vipande visipoachana sana, mkono hutundikwa kwa kitambaa na mfupa huunga wenyewe. Hata vikiachana, kisu si lazima. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015, wenye wagonjwa 250, ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 waliopasuliwa hawakutumia mkono vizuri zaidi kuliko waliotundikwa kitambaa.

Lakini kuna mivunjiko ambayo kitambaa hakitoshi: mfupa ukitoboa ngozi, au kichwa cha mfupa kikichomoka kwenye kiungo au kupasuka chenyewe. Kwa kijana, daktari hupanga vipande na kuvishikilia kwa bamba la chuma na skrubu. Kwa mzee, vipande vikiwa 3 au 4, skrubu huenda zisishike mfupa mwepesi, na kichwa cha mfupa huweza kukosa damu kikafa. Hapo huenda daktari akashauri kiungo cha bandia. Muulize waziwazi: asipopasuliwa, ataweza kuchana nywele? Na akipasuliwa?

Nyumbani, alale ameegemea mito. Mwoshe kwapa na ulikaushe. Tangu siku za kwanza afumbe na kufumbua vidole, la sivyo vitakakamaa. Bega lenyewe lingoje mtaalamu wa mazoezi. Weusi ukishuka hadi kiwiko usishtuke, ni damu iliyovilia. Ila vidole vikiwa baridi, vikififia rangi au kufa ganzi, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.