Hukumu ya Picha katika Vitabu vya Watoto

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, walimu wa madrasa hutuuliza: je, yafaa kumpa mtoto kitabu chenye picha za wanyama? Na mchoraji wake, chumo lake lina hukumu gani?

Tutazame mfano wa karibu. John Kilaka, mchoraji wa vitabu vya watoto, alizaliwa Sumbawanga mwaka 1966. Huchora kwa rangi kali za Tingatinga, mtindo uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Wanyama wake huvaa nguo kama watu, na hadithi zake zina asili katika masimulizi ya wazee. Katika kitabu chake kimoja, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2009, kuna njaa, na mti wenye matunda mabivu hauyaachii mpaka utajwe jina lake. Wanyama wakubwa wanafundishwa jina hilo na Kobe, kisha wanalisahau njiani. Sungura mdogo, waliyemdharau, ndiye anayelihifadhi.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), tegemeo la madhehebu yetu ya Kishafi, ameeleza katika sherehe ya Sahihi Muslim kuwa kuchora chenye roho ni haramu, iwe nguoni au ukutani. Naye Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mtu aliyeishi kwa uchoraji achore miti na visivyo na roho. Kwa upande wa pili, Al-Qasim bin Muhammad, miongoni mwa mafakihi wa Madina, amepokewa kuwa aliruhusu picha isiyo na kivuli.

Kadhalika, imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Bi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere mbele ya Mtume (s.a.w.), naye hakumkataza. Ibn Hajar (aliyefariki 852 Hijria) amenukuu kwamba Kadhi Iyadh alikata kuwa hilo lajuzu, akalinasibisha kwa wanazuoni walio wengi, kwa sababu ya kuwazoeza wasichana kazi za nyumbani na malezi ya watoto. Wapo waliosema ruhusa hiyo imefutwa.

Tunavyoona sisi, sababu iliyotajwa ni malezi, na kitabu cha kumfunza mtoto kiko karibu nayo: picha zake ni bapa, hazitundikwi wala hazitukuzwi. Kwa hiyo hatumkatazi mwalimu kukitumia, maadamu maudhui yake ni safi. Anayejiepusha kwa kufuata kauli ya Nawawi ameshika lililo salama zaidi, wala asilaumiwe. Ama mchoraji Mwislamu, akiweza kutosheka na miti, milima na majumba, hiyo ndiyo njia ya Ibn Abbas.

Lakini tusimnyime mtoto kisa chenyewe. Akisikia kwamba mdogo alihifadhi walichosahau wakubwa, huenda kesho akashika msahafu wake kwa hamu zaidi.

Wallahu a'lam.