Wimbo na Saa ya Kupimia

Jumamosi alfajiri, kabla daladala hazijajaa, barabara nyingi za Dar es Salaam huwa mikononi mwa watu wa fulana, kila mtaa na rangi yake. Mbele anakimbia mwimbishaji, filimbi shingoni. Nyuma mistari miwili inamwitikia, na pembeni inakwenda bodaboda iliyobeba maji. Wakishanyoosha viungo, daftari linafunguliwa: nani kafiwa, nani kalazwa, mchango ni kiasi gani. Asiyelielewa daftari hilo hajaielewa klabu ya jogingi.

Watu wote hawa wanakimbia, mbona mabingwa ni wachache? Swali hili husikika sana, na jibu lake linaanzia mbali na mtaa. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Simbu ni mzaliwa wa Singida na askari wa JWTZ. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, naye alikuwa mwanajeshi. Jeshi humpa mkimbiaji mshahara, na mshahara humpa muda wa kulala mchana baada ya mazoezi ya asubuhi. Klabu ya mtaa haiwezi kumpa mtu hayo.

Lakini inao wimbo. Anayeweza kuimba huku anakimbia yuko kwenye mwendo mwepesi, pumzi inamtosha. Wengi hudhani bingwa hukimbia kwa kasi ya mashindano kila siku. Sivyo kabisa: sehemu kubwa ya kilomita zake za wiki ni za mwendo ambao angeweza kupiga soga. Huo ndio unaojenga moyo na kano taratibu bila kuzichana. Juu yake huwekwa siku chache za kazi ngumu, yaani vilima, au vipande vya mita 1,000 vinavyopimwa kwa saa. Kwa hiyo mchakamchaka wa mtaani si adui wa riadha. Ni nusu ya chini ya mazoezi yaleyale, na nusu ya juu ndiyo haipo.

Utaliona pengo hilo pale binti wa miaka 16 anapoanza kuuacha mstari. Filimbi inalia, anarudishwa. Kiongozi ana haki: magari yanapita, na kundi likikatika, mama aliyekuwa nyuma hatakuja tena Jumamosi ijayo. Ila binti naye, akirudishwa kila wiki, anazoea kukimbia amefunga breki. Marathoni kubwa hazimsaidii sana. Ile ya Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 2003, ina kilomita 42, 21 na 5. Kutoka 5 za kujifurahisha hadi 21 ni mruko mkubwa mno kwa umri wake. Anachohitaji ni mita 3,000 uwanjani na mbio za nyika.

Sitaki klabu igeuzwe kambi. Itamkimbiza yule mama. Nataka nusu saa tu baada ya kunyoosha viungo: watoto wawili watatu wenye kasi, kiwanja cha shule, mtu mzima mwenye saa. Muda wao uandikwe kwenye daftari lilelile, ukurasa wa nyuma ya michango. Ukurasa huo ndio wa kumpelekea mwalimu wa michezo kabla hajachagua timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.