Hita Ya Ndai Yako Inapuliza Baridi? Cheki Maji Kabla Hedi Iende

Picha ndio hii: saa kumi na moja alfajiri, uko stage ya Ndanai, Probox imejaa inaelekea Sotik. Baridi ni ile ya kung'ata masikio. Kioo cha mbele kimejaa ukungu, dere anapangusa na kitambaa huku ameshika usukani na mkono mmoja. Msee wa nyuma anauliza, "Boss, si uwashe hita?" Dere anajibu, "Hiyo ilikufa kitambo."

Watu wanacheka, safari inaendelea. Lakini hita haifi tu hivyo. Mara mingi ni injini inakuambia kitu, na ukiipuuza utalia.

Maji ni moja tu

Wengi hudhani hita ya gari inatumia stima kama ile ya nyumba. Zii. Injini ikichoma mafuta inatoa joto mob. Pampu inazungusha maji ndani yake, maji inabeba hilo joto, inapoa kwa rejeta pale mbele, kisha inarudi. Sehemu ya hayo maji moto inapitia rejeta ingine ndogo nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa hapo, wewe unaota moto.

Kwa hivyo ile kitu inakupasha joto ndio ile ile inaokoa injini. Maji ikipungua, hita huwa kati ya vitu vya kwanza kulia.

Soma dalili hivi

*Hita baridi na injini iko moto sana.* Maji imepungua ama hewa imeingia kwa mabomba. Hii ni hatari, simama.

*Hita baridi na injini pia haishiki moto.* Themostati imekwama wazi, ama mtu aliitoa.

*Injini iko sawa, hita peke yake ndio baridi.* Rejeta ndogo imeziba na kutu, ama kile kifaa cha kufungulia hewa moto kimekwama.

*Zulia la mbele limelowa, kuna harufu tamu, na kioo kina ukungu wa kunata.* Rejeta ndogo inavuja ndani ya gari.

*Inachemka ukiwa kwa jam, inapoa ukitembea.* Cheki feni ya rejeta.

*Inachemka ukipanda kutoka Kaplong kwenda Litein hadi Kericho.* Rejeta imeziba, mkanda unateleza, ama pampu imechoka.

*Maji inaisha na huoni inakovujia, moshi ni mweupe, na oili inakaa chai ya maziwa.* Pole buda, hiyo ni gasketi ya hedi.

Kama unaendesha gari kama Vitz, isiyo na mshale wa joto, jua taa ya bluu ni injini bado baridi. Nyekundu ni simama sasa hivi, sio "wacha nifike kwanza".

"Toa hiyo themostati"

Hapa ndio mamech wengi hutuangusha. Gari inachemka, unapeleka, mech anatoa themostati anaitupa. "Sasa haitawahi chemka tena." Unalipa, unaenda ukiwa na furaha.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi inafunga, ili maji ipate joto haraka. Ikifika kama digrii 82 inafungua, maji inaenda kwa rejeta. Ukiitoa, asubuhi ya baridi injini inatembea bila kushika joto vizuri. Inakunywa mafuta, inachakaa haraka, na hita inapuliza barafu. Ndio maana dere wetu anapangusa kioo na kitambaa, na mbele kuna watoto wa shule wanatembea kando ya barabara kwa ukungu. Haoni.

Na shida yenyewe bado iko. Kama rejeta ilikuwa imeziba, bado imeziba. Themostati mpya ni doh kidogo. Hedi ikipinda, unaweza maliza bonasi yote ya majani chai kwa gereji.

Maji ya mto wacha ng'ombe wakunywe

Maji ya mto ama kisima huwa na chumvi na matope. Inaleta kutu na magamba, na ile rejeta ndogo huziba mapema. Weka kulanti. Inazuia kutu na pia inachelewesha kuchemka. Usichanganye rangi ovyo. Fuata kitabu cha gari.

Kifuniko cha rejeta pia ni muhimu. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji ya sufuria huchemka kwa kama digrii 93, sio 100. Kifuniko kizima kinashikilia presha ili maji isichemke mapema. Mpira wake ukichapa, nunua kingine.

Na tafadhali, kulanti usiweke kwa chupa ya soda. Ni tamu na ni sumu. Mtoto ama mbwa akiinywa, ni msiba.

Ikichemka njiani

Zima AC, washa hita hadi mwisho na feni yote. Utatokwa jasho, lakini unatoa joto kwa injini. Toka barabarani, simama, zima.

Usifungue kifuniko! Ile maji iko na presha, itakurukia usoni. Ngoja nusu saa ama zaidi, hadi rejeta iwe baridi ukiigusa, kisha fungua mos mos na kitambaa. Usimwage maji baridi kwa injini moto, hedi inaweza kupasuka. Ukijaza, washa injini hita ikiwa imefunguliwa ili hewa itoke, halafu ongeza.

Homework ya kesho asubuhi

Kabla uwashe gari, fungua boneti ikiwa baridi. Cheki maji kwa chupa ya akiba, bonyeza mipira, angalia kama kuna tone chini. Dakika mbili tu. Kisha washa hita, hata kama ni Januari na jua linawaka. Injini ikishapata moto na hita bado inapuliza baridi, tafuta mech. Akianza na "tutoe themostati", muulize ataweka gani mpya.